Nyamvula na Makaa ya Mwisho ya Mkunguni

Watu wa Changamwe wakimtaja Nyamvula humtaja pamoja na mashine yake. Wapo akina Nyamvula wengi, lakini ukisema Nyamvula wa tingatinga, hata muuza mahamri wa Chaani ambaye hajawahi kusema naye atakuelekeza. Ni mwanamke mrefu, mwenye mikono mikubwa na sauti iliyozoea kushindana na injini. Nyumbani kwake Bofu, ng'ambo ya feri, akimwita mwanawe Sumeya aliyeko chumbani, jirani wa nyumba ya tatu huitika.

Kazi aliipata katika kituo cha umeme cha Mkunguni, kilichokuwa kando ya hori, pale ambapo bahari hupenya ndani kupita mikoko. Kituo kile kilikuwa kikichoma makaa ya mawe. Meli ziliyaleta bandarini, malori yakayabeba hadi uwanjani, na uwanjani yakarundikwa lundo refu kupita mapaa ya nyumba. Tingatinga lilikuwa likiyasukuma makaa mpaka kwenye mkanda, mkanda ukayapandisha, na tanuri likayala bila kupumzika. Moto ukachemsha maji, mvuke ukazungusha mtambo, na viwanda vya jirani vikapata umeme. Kilichobaki ni majivu, na hayo majivu ndiyo yaliyompatia Nyamvula kazi. Aliajiriwa kuyafagia.

Alifagia miaka kadhaa, leso imefungwa puani. Lakini macho yake hayakuwa kwenye majivu. Yalikuwa kwenye tingatinga, lile dude la manjano lenye minyororo badala ya magurudumu, likipanda lundo na kushuka kama kwamba lina nia yake lenyewe. Aliyeliendesha siku hizo alikuwa Clifford, Mbukusu wa Bungoma aliyeteremka pwani akiwa kijana, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Wenzake walimwita Baba Maxwell, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Ijumaa moja Nyamvula akamwendea. "Baba Maxwell, nifunze hili."

Clifford akacheka. "Hii si ufagio, mama."

"Najua si ufagio. Ingekuwa ufagio nisingekuomba."

Ijumaa iliyofuata akamwendea tena. Na nyingine. Clifford akachoka kukataa kabla Nyamvula hajachoka kuomba. Wenzao wakienda kula, wao wawili wakawa wanabaki kwenye ncha tupu ya uwanja, Nyamvula juu ya kiti, Clifford chini akimwelekeza kwa mikono, maana sauti haikusikika. Mkono ukienda juu, simama. Ukipepea, rudi nyuma. Ukishuka taratibu, teremsha jembe la mbele. Clifford alipopelekwa ndani kulihudumia tanuri, aliulizwa na wakubwa nani ashike tingatinga. Akamtaja Nyamvula, wakadhani ni masihara. Akarudia jina lile lile kwa sauti ile ile, kisha akangoja wamalize kushangaa.

Basi Nyamvula akaendesha. Aliipenda ile kazi, na hakuona haya kusema anaijua. Hata hivyo hakujidanganya juu ya Mkunguni. Aliona jinsi wanawake wa Chaani walivyotoka nje na kuutazama moshi kwanza ndipo waanike nguo. Aliwasikia watoto wa mtaa ule wakikohoa. Clifford mwenyewe alikuwa na kikohozi kilichokuwa kikimkatiza maneno. Kituo kilimlisha Nyamvula na kikamjengea nyumba Bofu, na kilikuwa kichafu. Yote mawili aliyajua kwa pamoja.

Kisha likaja tangazo. Waliitwa katika chumba cha kulia wakaambiwa kwamba Mkunguni inafungwa. Umeme wa mvuke wa ardhini wa Bonde la Ufa na wa upepo wa kaskazini ulikuwa unafika pwani, na makaa yalikuwa yamepitwa na wakati. Tanuri litazimwa, kituo kitabomolewa, na ardhi itatumika upya. Kwenye uwanja wa majivu zitasimamishwa paneli za sola, na upande wa hori litajengwa bohari la baridi la kuhifadhia samaki na mboga. Wote walielewa. Clifford alikaa akiangalia viganja vyake, na watu walipotoka yeye alibaki.

Zilipopita wiki chache, mkandarasi wa kubomoa akafika. Msimamizi wake alikuwa Luqman, kijana wa Kisauni mwenye adabu, asiyependa kukaa ofisini. Alimkuta Nyamvula akilipaka tingatinga grisi kama kawaida, ingawa hakukuwa na kazi tena.

"Shikamoo, bibie. Nasikia wewe ndiwe mwenye mashine hii."

"Marahaba. Mwenyewe si mimi, lakini hainijibu vibaya."

Luqman akatabasamu. Akamwambia anahitaji dereva wa kuondoa makaa yaliyobaki uwanjani, kisha kubomoa na kusawazisha. Nyamvula alimwomba siku ya kufikiri, si kwa sababu alikuwa na shaka na kazi, bali kwa sababu kulikuwa na watu wawili aliotaka kuwaambia mwenyewe.

Wa kwanza alikuwa mamake, Mwanatabu, aliyeishi naye Bofu. Alimkuta barazani akichambua mchicha.

"Nyamvula."

"Abee, mama."

"Waonekana una jambo. Hebu liseme."

Akalisema. Mamake akaendelea kuchambua, kisha akauliza, "Wataka kwenda kuivunda kazi yako kwa mikono yako?"

"Itavunjwa tu, mama. Nataka ivunjwe na mtu aliyekula pale."

"Na wenzio watasemaje?"

"Watanitukana. Nitawaambia usoni, wasije wakasikia kwa watu."

"Haya," akasema Mwanatabu. "Ukishaamua, usende ukiinamisha kichwa."

Wa pili alikuwa Clifford. Nyamvula alimwendea nyumbani kwake Chaani jioni ile ile, mkewe Roseline akawawekea chai na mihogo. Nyamvula hakuzunguka. Alimweleza kwamba amepewa kazi ya kubomoa na kwamba ataichukua.

Clifford aliweka kikombe chini. "Mimi na vijana tumesema hakuna lori itaingia pale. Tunakaa kwa geti. Wakitaka kuvunja, kwanza waje watuulize sisi tutaenda wapi."

"Kuuliza ni haki yenu. Hata mimi nataka waulizwe."

"Lakini utaingia."

"Nitaingia, Baba Maxwell."

"Ni mimi nilikufunza hiyo mashine," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, jambo ambalo lilimuuma Nyamvula zaidi. Roseline alimsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono.

Jumatatu Clifford na wenzake walikuwa langoni, wanaume wapatao ishirini na wanawake kadhaa, wamekaa chini juu ya turubai lililotandazwa njia nzima. Waendao kwa miguu waliwaachia, malori waliyarudisha. Nyamvula alishuka barabarani, akawaamkia wote, akapita katikati yao. Mmoja akamwita msaliti. Akageuka, akamwangalia mpaka yule mtu akaangalia pembeni, kisha akaendelea na safari yake. Kichwa hakikuinama.

Ndani hapakuwa na la kufanya ila kubomoa vibanda na kuta ndogo. Malori hayakuingia, kwa hiyo makaa hayakutoka. Lundo lilikaa vile vile, na hilo lilianza kumtia Nyamvula wasiwasi. Makaa ya mawe yakirundikwa na kuachwa bila kuguswa hupata joto ndani kwa ndani, hasa mvua ikinyesha kisha jua likawaka. Wakati wa kazi walikuwa wakiyageuza na kuyashindilia kila siku ili yasishike moto. Sasa ilikuwa imenyesha, na jua lilikuwa limerudi kwa nguvu. Alimweleza Luqman, naye akaja akagusa, akakubali kwamba ni hatari. Akaagiza mipira ya maji ivutwe karibu, akapiga simu zake. Lakini yaliyotakiwa ni malori, na malori yalikuwa nje.

Siku hiyo akitoka, Nyamvula alisimama mbele ya turubai. "Baba Maxwell, lile lundo limeanza kutoa harufu."

"Nimesikia harufu," akajibu Clifford bila kuinua macho.

"Tuachie japo njia ya malori ya makaa. Mengine yote yabaki nje."

"Waambie wakubwa wako waje waongee na sisi. Wakija, nitatoka."

Jibu lilikuwa la haki kwa namna yake. Alivuka feri jioni ile amesimama, hakukaa.

Asubuhi ya Alhamisi, jua likiwa limepanda, moshi ukatoka ubavuni mwa lundo. Mwanzo ulikuwa mwembamba kama wa jiko la mkaa, ukageuka manjano, ukanenepa, na upepo wa horini ukauchukua na kuupeleka Chaani. Nyamvula alikuwa tayari ameshawasha tingatinga. Luqman alikuja mbio na mpira wa maji begani, vijana wake watatu nyuma yake, na ilionekana wazi kwamba mikono haitoshi.

Langoni Clifford aliutazama moshi ukipita juu ya kichwa chake kuelekea nyumbani kwake. Akasimama. Waliokuwa karibu naye wanasema hakutoa amri yoyote. Aliinama, akashika pembe ya turubai, akaanza kulikunja, na wengine wakashika pembe zilizobaki. Walipomaliza kulikunja wakaingia wote.

Kazi ya kuzima moto wa makaa si kumwaga maji tu. Ukimwaga juu, ndani kunaendelea kuungua. Lazima lundo lifunguliwe, makaa ya moto yatolewe, yatandazwe chini yawe membamba, ndipo maji yayapate. Nyamvula alizama kwenye moshi na jembe lake. Hakuona mbele zaidi ya pua ya mashine. Akavuta, akarudi nyuma, akatandaza, na kila alichotandaza kilipokelewa na mipira ya maji kikatoka mvuke kama chungu kilichofunuliwa. Macho yalimchoma. Miguu ilianza kuhisi joto kupitia buti.

Alipopanda mara nyingine, kupitia mwanya wa moshi akamwona Clifford chini, amesimama pale alipokuwa akisimama zamani, mikono hewani. Akamfuata kwa macho. Mkono ukashuka taratibu, akateremsha jembe. Ukapepea, akarudi. Wakaendelea hivyo kwa muda, bila mmoja kusikia sauti ya mwenzake, na kazi ikaanza kwenda.

Kisha mikono yote miwili ya Clifford ikaruka juu. Nyamvula akasimama papo hapo. Mbele yake makaa yaliyoonekana imara yalikuwa yamekuwa ganda tu. Ndani moto ulikwisha kula pakabaki shimo. Ganda likapasuka, mnyororo wa kushoto ukazama, mashine ikalala upande. Aliona wekundu chini yake, wekundu safi kabisa, karibu wa kupendeza. Hakuruka. Aliijua mashine ile kuliko alivyoijua miguu yake, na alijua kwamba mnyororo wa kulia bado una pa kushika. Akalikandamiza jembe chini ili limshikilie, akarudi nyuma kidogo kidogo, injini ikilia, mpaka pua ikapanda na uzito ukarudi nyuma. Mashine ikatoka. Alipofika mahali imara aliegemea usukani, akavuta pumzi, akasema alhamdulillahi, na akageuza kwenda upande mwingine wa lundo.

Zimamoto walipofika makali ya moto yalikuwa yamevunjika. Walikaa nao mpaka adhuhuri ikapita, na kufikia alasiri lundo lilikuwa limelala chini, jeusi, linatoa mvuke tu. Hakuna aliyeungua. Watu walikaa popote walipoanguka, nyuso zimekuwa moja, mtu wa Luqman hatambulikani na wa langoni. Roseline alikuja kutoka Chaani na akina mama wengine, ndoo za maji ya kunywa kichwani.

Luqman alikwenda akakaa chini mbele ya Clifford, matopeni, na suruali yake nzuri. "Mzee, nisamehe. Nilikuwa nipite kwenu siku ya kwanza, nikapita ofisini. Sasa niambie, mwataka nini?"

Clifford alikohoa kwa muda mrefu kabla hajajibu. "Hatutaki huruma. Hiyo mahali tumeilisha sisi. Kama ni kuivunja, tutaivunja sisi. Si watu wa kutoka mbali."

"Na mkishamaliza kuivunja?"

"Mtu akijua kuvunja, atakosa kujua kujenga?"

Luqman alimtazama Nyamvula, naye Nyamvula akasema, "Mimi nitafanya kazi na hawa. Wakiwa ndani, kazi itaisha mapema na hakuna atakayeumia. Wakiwa nje, hata mimi ni nusu."

Ilichukua siku kadhaa za mazungumzo, na Luqman alibishana na wakubwa wake kwa niaba yao zaidi kuliko walivyotarajia. Mwishowe wengi wao waliingizwa kazini. Si wote. Wengine walikuwa wamekwisha pata kazi bandarini, na mmoja, yule aliyemwita Nyamvula msaliti, alikataa, akarudi kwao Taita. Kabla ya kuondoka alikuja kumpa mkono wa kwaheri, na Nyamvula akaupokea.

Malori yakaingia, makaa ya mwisho yakatoka. Baadaye wakaanza kulivunja tanuri lenyewe. Clifford ndiye aliyepewa moto wa kukatia vyuma, na siku ya kwanza walipotoboa mlango ubavuni mwa tanuri aliwaambia wenzake wangoje. Akamwita Nyamvula ashuke kwenye mashine.

Wakaingia wawili. Miaka yote ile Clifford alikuwa amelitazama tanuri kupitia kidirisha cha kioo kinene, ukubwa wa kiganja, na alichokiona ni moto tu. Sasa lilikuwa tupu. Kuta za mabomba zilipanda juu, juu sana, nyeupe kwa majivu, na mwanga ukaingia kutoka mahali palipokwisha kufunguliwa paa. Sauti zao zilizunguka zikawarudia.

"Kumbe ni kubwa hivi," Clifford akasema.

Nyamvula akapitisha kidole ukutani. "Ulidhani likoje?"

"Nilidhani ni kama moto wenyewe. Sikujua kuna nafasi." Akazunguka kuta zote polepole, akizigusa, kisha akasimama katikati akaangalia juu. Nyamvula aliona macho yake yamejaa maji akajifanya anachunguza bomba. Baada ya kitambo Clifford akapangusa uso kwa mkono wa shati, uso ukabaki na alama nyeusi. "Ile siku kwa geti," akasema, "nilikuwa na hasira na hawa watu. Nawe nikakuonea."

"Ulikuwa na haki ya kuulizwa. Mimi pia nilikuwa na haki ya kuingia."

"Sawa," akasema. "Wacha tuikate sasa, kabla nianze kuimba kama kwa matanga."

Wakatoka, na kufikia jioni ukuta wa kwanza ulikuwa chini. Dohani ya kutolea moshi ilichukua muda zaidi, maana nyumba zilikuwa karibu na haikuweza kuangushwa mara moja. Iliteremshwa kipande kwa kipande kutoka juu, na kila wiki wanawake wa Chaani waliitazama ikipungua.

Leo ukipita Mkunguni utaona paneli za sola zimelala safu kwa safu kwenye uwanja wa majivu, uliofunikwa udongo na kupandwa nyasi. Bohari la baridi limeanza kazi. Boti za horini hushusha samaki mlangoni, na akina mama wa Mjambere na Likoni huja kuwachukua. Clifford alikwenda Bungoma msimu wa kupanda, akasema amerudi nyumbani moja kwa moja, na haukupita muda akateremka tena. Alisema baridi ya kule imemshinda. Sasa yeye ndiye anayesimamia mashine za kupoza bohari, amevaa koti zito na kofia ya sufu aliyofumiwa na Roseline, na kikohozi kimempungua. "Miaka yote kwa moto," huwaambia wageni, "sasa wameniweka ndani ya friji."

Nyamvula bado ana uwanja wa bohari la pili wa kusawazisha. Chini yake wako madereva wanne, na mmoja wao, Lynnette, ni msichana asiyesikia la mtu, jambo ambalo Nyamvula hulilalamikia mbele ya watu na kulifurahia akiwa peke yake. Tingatinga limechakaa, limebadilishwa minyororo, na kila kukicha lina kasoro mpya. Akiambiwa aombe jipya husema ataomba, lakini hili kwanza limalizie kazi.

Mwezi uliopita Mwanatabu alimwomba ampeleke. Miaka yote mwanawe alipofanya kazi pale hakuwahi kukanyaga Mkunguni, kwa sababu ya moshi na kwa sababu hakupenda kuona mahali panapomchafulia mtoto nguo. Alitembea na buibui lake kati ya paneli, akainua pindo asilipake udongo, akasalimiana na Clifford, akaingia bohari na kutoka haraka akijikumbatia. Kisha akauliza lundo lilikuwa wapi.

Nyamvula akamwonyesha kwa mkono, kutoka ukuta wa bohari mpaka kwenye mikoko.

Mamake akaufuata ule mkono kwa macho mpaka mwisho. "Na wewe ulikuwa juu yake."

"Nilikuwa juu yake, mama."

"Haya, twende kwa hao wa samaki," akasema Mwanatabu, ameshageuka. "Nataka changu wawili, na wewe usinichagulie."